Jibu la kwanza si la mwisho: namna askari walioumia wanavyokata rufaa

Katika kambi na vijiji vingi wanamoishi watu waliohamishwa na vita, yuko mzee au kijana anayetembea kwa gongo. Zamani alikuwa askari. Alivaa sare, akaumia, akarudi kwa familia yake mikono mitupu. Mke wake analima shamba la kukodi, na watoto wanaacha shule kwa kukosa karo. Watu wanapokaa pamoja kuzungumzia amani, suala la mtu huyu halikosi kutajwa. Nchi nyingine zinawatendeaje askari wao walioumia? Na kama ofisi ikimjibu askari "hapana", anaweza kwenda wapi tena?

Katika toleo hili tunajaribu kujibu maswali hayo kwa mifano ya kweli. Tunaanza na Marekani kwa sababu njia ya rufaa huko imeandikwa hatua kwa hatua, na ni rahisi kuifuata. Tena, familia kadhaa za Wakongo zimepelekwa kuishi huko kama wakimbizi, na kijana mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anaweza kuandikishwa jeshini hata kabla ya kupata uraia. Baadaye tutaeleza habari za askari wa Afrika waliolitumikia jeshi la Ufaransa, maana hao walikata rufaa ya aina nyingine.

Tuseme wazi tangu mwanzo: fidia ya Marekani ni ya waliolitumikia jeshi la Marekani. Mtu akija kambini na kuwaahidi askari wa zamani wa nchi yetu kwamba atawajazia fomu za Marekani wakimpa pesa kidogo, anawadanganya. Tunaeleza mambo haya ili tujifunze namna haki inavyodaiwa bila kumwaga damu.

Fidia hii ni kitu gani?

Nchini Marekani, mtu aliyeumia au kuugua kwa sababu ya utumishi wake jeshini hulipwa kila mwezi na Idara ya Maveterani. Malipo hayo si sadaka. Ni haki iliyoandikwa katika sheria, na hayakatwi kodi. Watu zaidi ya milioni 5 wanayapokea. Wengine walipigana Vietnam, wengine Iraki au Afghanistani, na wengine hawakufika vitani kamwe bali waliumia katika mazoezi. Sheria haiulizi kama mtu alikuwa shujaa. Inauliza mambo matatu:

- Je, ana ulemavu au ugonjwa leo? Daktari anapaswa kuuthibitisha.
- Je, kuna jambo lililotokea wakati wa utumishi wake? Laweza kuwa risasi, ajali ya gari, kelele za mizinga, sumu au hofu kubwa.
- Je, kuna kiungo kati ya hayo mawili? Yaani, ulemavu wa leo umetokana na lile lililotokea jeshini?

Mambo haya ni kama mafiga. Likikosekana figa moja, chungu hakikai.

Ofisi ikikubali, inaupa ulemavu kiwango kwa asilimia: 0, 10, 20, na kuendelea hadi 100. Kadiri asilimia inavyopanda, malipo nayo yanapanda. Hata 0 ina maana yake: ofisi imekubali kwamba ulemavu umetoka jeshini, ingawa bado haujafikia kiasi cha kulipwa. Ukizidi baadaye, mtu anaweza kuomba kiwango kipandishwe bila kuanza upya kuthibitisha chanzo chake.

Mtu mwenye majeraha mawili hajumlishiwi asilimia kama tunavyojumlisha sokoni. Tuseme jeraha moja limepewa asilimia 50, na lingine 30. Ofisi inaanza na 50, kwa hiyo mwili unahesabiwa kuwa umebaki na nguvu ya asilimia 50. Kisha inachukua asilimia 30 ya hiyo nguvu iliyobaki, yaani 15. Jumla inakuwa 65, nayo hupandishwa hadi 70. Wengi hushangaa kuona barua inasema 70 badala ya 80, wakadhani wameibiwa. Wakieleweshwa hesabu, wanajua kama kuna kosa la kukatia rufaa au hakuna.

Ugomvi hutoka wapi?

Mara nyingi ugomvi kati ya askari na ofisi huwa juu ya mojawapo ya mambo matatu. Kwanza ni kiungo: ofisi inakubali kwamba goti lake linauma, lakini inasema ni uzee. Pili ni asilimia: ofisi imempa 10, naye anaona hali yake ni ya 40. Tatu ni tarehe ya kuanza kuhesabu malipo. Hii ya tatu watu huisahau, lakini yaweza kubeba pesa nyingi kuliko zile mbili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Askari mmoja aliruka kutoka kwenye lori la jeshi, akaumia goti. Mwezi wa Januari 2023 analeta madai yake. Mwezi wa Oktoba 2023 anapata barua ya kukataliwa. Ana mwaka mmoja wa kuijibu. Akiijibu mwezi wa Juni 2024 na kuleta maelezo mapya ya daktari, na mwishoni akakubaliwa, malipo yake kwa kawaida yatahesabiwa tangu alipoleta madai ya kwanza, Januari 2023. Lakini akikaa kimya kwa hasira hadi mwaka 2025, ndipo akarudi na karatasi ile ile ya daktari, anaweza kukubaliwa, ila hesabu itaanzia mwaka 2025. Miaka miwili ya malipo inapotea, si kwa sababu hakuwa na haki, bali kwa sababu alichelewa.

Kabla ya kuwa na mahakama

Msidhani kwamba njia hii ilikuwako siku zote. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, bunge la Marekani lilitunga sheria mwaka 1924 ya kuwapa askari wa vita hiyo bonasi, lakini wengi walitakiwa kungoja hadi mwaka 1945. Halafu ukaja uchumi mbaya na njaa. Mwaka 1932 maelfu ya askari wa zamani, wengi pamoja na wake na watoto, walikwenda Washington, wakajenga vibanda na kudai walipwe mara moja. Tarehe 28 Julai 1932 polisi waliwapiga risasi wawili wao wakafa. Siku hiyo hiyo jeshi, likiongozwa na Jenerali Douglas MacArthur, likawafukuza kwa farasi, vifaru na moshi wa machozi, na vibanda vikateketea kwa moto. Askari waliwafukuza askari wenzao wa jana. Malipo yenyewe yaliruhusiwa mwaka 1936.

Watu wale walidai bonasi, hawakudai fidia ya majeraha. Lakini funzo ni lile lile. Mtu anayeamini kwamba anadai haki yake, na asione mahali pa kusikilizwa, atatafuta mahali pengine. Atakwenda barabarani, na nchi nyingine atakwenda msituni.

Hata waliodai fidia ya ulemavu walikuwa na njia nyembamba. Kwa muda mrefu sheria ilizuia mahakama kupitia maamuzi ya ofisi ya maveterani. Ofisi ilikuwa ndiyo inayokataa, na rufaa zilisikilizwa ndani ya ofisi ile ile. Tena, tangu mwaka 1864 sheria iliweka malipo ya wakili kuwa dola 10 tu kwa madai ya namna hiyo. Nia ilikuwa njema, kuwakinga maaskari wasinyonywe. Lakini kiasi hicho kilibaki vile vile kwa zaidi ya miaka 120, na mwishowe ni mawakili wachache sana waliokubali kazi hiyo.

Mambo yalibadilika mwaka 1988. Sheria mpya iliunda mahakama maalumu ya rufaa za maveterani, nje ya Idara, yenye majaji wasioajiriwa nayo. Tangu hapo askari anaweza kumwambia jaji: "Ofisi imekosea sheria," na jaji anaweza kuiambia ofisi irudie kazi yake.

Milango mitatu

Tangu tarehe 19 Februari 2019, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2017, mtu aliyekataliwa ana milango mitatu. Barua ya kumkataa inatakiwa kumweleza sababu, ushahidi uliotazamwa, na njia alizo nazo. Naye ana mwaka mmoja tangu tarehe ya barua kuchagua.

Mlango wa kwanza ni madai ya nyongeza. Huu ni wa mtu mwenye ushahidi mpya unaohusu jambo lile lile. Kama alikataliwa kwa kukosa kiungo, basi alete barua ya daktari inayoeleza kiungo. Ofisi yenyewe ina wajibu wa kumsaidia kutafuta karatasi, kwa mfano kuandika hospitalini ili kupata faili yake.

Mlango wa pili ni mapitio ya ngazi ya juu. Huu ni wa mtu anayesema: "Ushahidi wote mlikuwa nao, ila mmeusoma vibaya." Hapa haruhusiwi kuleta karatasi mpya. Mkaguzi mwenye uzoefu zaidi, ambaye hakufanya uamuzi wa kwanza, anasoma faili upya tangu mwanzo. Askari au msaidizi wake anaweza kuomba kuzungumza naye kwa simu na kumwonyesha kosa liko wapi.

Mlango wa tatu ni Baraza la Rufaa za Maveterani, lililoko Washington. Hapa anayeamua ni jaji wa sheria za maveterani. Askari anaweza kuomba jaji asome faili kama ilivyo, au akaongeza ushahidi ndani ya siku 90, au akaomba kusikilizwa ana kwa ana au kwa njia ya video. Kusikilizwa kunachukua muda mrefu kuliko kusomewa faili. Mfumo huu ulipoanza, lengo lililotangazwa lilikuwa wastani wa siku 125 kwa milango miwili ya kwanza, na siku 365 kwa Baraza pale jaji anaposoma faili tu.

Akikataliwa na Baraza, ana siku 120 za kwenda kwenye ile mahakama iliyoundwa mwaka 1988. Juu yake kuna mahakama nyingine ya rufaa, na mwishoni Mahakama Kuu ya nchi. Kesi chache hufika huko, lakini zinafika. Mwaka 2011 Mahakama Kuu iliamua kesi ya mzee aliyetumikia jeshini wakati wa vita ya Korea, ambaye alikuwa na ugonjwa mkubwa wa akili. Alichelewa siku 15 kuleta rufaa yake, na mahakama ya chini ikamfungia mlango. Mahakama Kuu ilisema kwamba kuchelewa huko hakuiondolei mahakama uwezo wa kumsikiliza, kwa sababu bunge lilikusudia maveterani watendewe kwa upole. Mzee mwenyewe alifariki kabla ya uamuzi, na mjane wake ndiye aliyeendelea na kesi.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kufungwa kwa mlango mmoja si kufungwa kwa nyumba nzima. Aliyeshindwa katika mapitio ya ngazi ya juu anaweza kwenda Barazani. Aliyeshindwa Barazani anaweza kurudi na ushahidi mpya. Sharti ni kulinda muda.

Nani anamsaidia?

Mtu hatakiwi kwenda peke yake. Yako mashirika ya maveterani wenyewe yanayotoa wasaidizi walioidhinishwa na Idara, nayo hayadai malipo. Mawakili nao wapo, lakini sheria inawakataza kutoza pesa kwa kuandaa madai ya kwanza. Wanaweza kulipwa baada ya ofisi kutoa uamuzi, na mara nyingi malipo hayo ni sehemu ya yale malimbikizo yatakayopatikana. Kiasi kisichozidi asilimia 20 huhesabiwa kuwa cha haki. Hata hivyo matapeli hawakosi. Wapo wanaotaka walipwe kabla ya kazi, bila idhini yoyote, na Idara inaendelea kuwaonya watu juu yao.

Karatasi zikiungua

Sasa tunafika kwenye jambo linalotugusa sisi sote. Wengi wetu tulikimbia usiku. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za uchaguzi, karatasi za shamba na za jeshi zilibaki ndani ya nyumba, na nyumba ikachomwa. Je, mtu asiye na karatasi hana haki?

Marekani nako karatasi ziliungua. Tarehe 12 Julai 1973 moto mkubwa ulizuka katika jengo la kumbukumbu za jeshi karibu na mji wa St. Louis. Mafaili kati ya milioni 16 na 18 yaliteketea, na hayakuwa na nakala. Karibu asilimia 80 ya mafaili ya askari wa nchi kavu walioacha jeshi kati ya mwaka 1912 na 1960 yalipotea. Mzee aliyejeruhiwa Ulaya au Korea alikuja kudai fidia, akaambiwa faili lake ni majivu.

Mahakama na Idara zilikubaliana kwamba moto si kosa la askari. Kwa hiyo ofisi inapewa wajibu mkubwa zaidi wa kutafuta ushahidi mahali pengine na wa kueleza sababu zake ikikataa. Ushahidi huo waweza kuwa orodha za mishahara, vitabu vya hospitali, taarifa za kikosi, barua ambazo askari aliwaandikia wazazi, au picha za wakati ule. Na zaidi ya hayo yote, maneno ya mashahidi. Askari mwenzake anaweza kuandika: "Nilikuwa naye siku ile, niliona lori likipinduka." Mke wake anaweza kuandika: "Alipoondoka alikuwa mzima, aliporudi alikuwa akiamka usiku na kupiga kelele." Mke si daktari, hawezi kutaja ugonjwa. Lakini anaweza kueleza alichokiona kwa macho yake, na ofisi haiwezi kuyatupa maneno hayo kwa sababu tu hayakuandikwa na daktari.

Iko pia kanuni moja tunayoiona kuwa ya maana sana. Ushahidi wa pande mbili ukilingana, yaani mizani ikisimama katikati, askari ndiye anayeshinda. Shaka inakwenda upande wake. Serikali ilimpeleka vitani, kwa hiyo serikali ndiyo inayobeba hasara ya kutojua.

Majeraha yasiyoonekana

Kuna majeraha ambayo hayana kovu. Kati ya mwaka 1962 na 1971 jeshi la Marekani lilimwaga dawa za kuua majani juu ya misitu ya Vietnam. Miaka mingi baadaye askari waliokuwako huko waliugua saratani na magonjwa mengine. Kila mmoja alipodai peke yake aliambiwa: "Thibitisha kwamba ni ile dawa." Mtu wa kawaida angethibitishaje? Walikataliwa, wakakata rufaa, wakaungana, wakapeleka kilio chao bungeni. Sheria ya mwaka 1991 ikasema kwamba aliyekanyaga ardhi ya Vietnam na akapata mojawapo ya magonjwa yaliyoorodheshwa hatatakiwa tena kuthibitisha kiungo. Kiungo kinachukuliwa kuwa kipo. Mwaka 2019 wanamaji waliokuwa kwenye meli karibu na pwani ya Vietnam nao wakaingizwa. Mwaka 2022 sheria nyingine ikawafikia waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka katika kambi za Iraki, Afghanistani na kwingineko.

Majeraha ya moyo nayo yalichukua muda kukubaliwa. Ugonjwa unaotokana na mshtuko wa vita uliingizwa katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Mwaka 2010 Idara ililegeza masharti: kama hofu ya askari inalingana na mahali alikotumwa na hali ya utumishi wake, na daktari wa akili wa Idara akathibitisha, maneno ya askari mwenyewe kuhusu tukio yanatosha. Sisi tunaoishi na watu wasiolala usiku kwa sababu ya mambo waliyoyaona, tunaelewa maana ya hatua hiyo.

Sheria yenyewe ikiwa na ubaguzi

Hadi hapa tumeeleza rufaa ya mtu mmoja juu ya jeraha lake. Lakini itakuwaje kama ofisi imeifuata sheria sawasawa, na sheria yenyewe ndiyo mbaya?

Hayo yaliwapata askari wa Afrika waliopigania Ufaransa. Walitoka Senegali, Mali, Chad, na hata ng'ambo ya mto wetu, Kongo-Brazzaville. Makoloni yalipokaribia kupata uhuru, sheria ya Ufaransa ya Desemba 1959 iligandisha pensheni zao, za uzee na za ulemavu pia. Mfaransa aliyepoteza mguu aliongezewa malipo kila maisha yalipopanda bei. Mwafrika aliyepoteza mguu katika vita ile ile alibaki na kiwango cha zamani. Wasenegali waliguswa kikamilifu kwa sheria ya mwaka 1974.

Ibrahima Gueye na wenzake 742, wote askari wastaafu wa Senegali, hawakukaa kimya. Walipeleka malalamiko yao mwaka 1985 kwa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 3 Aprili 1989 Kamati ilisema Ufaransa imewabagua: pensheni ililipwa kwa ajili ya utumishi uliofanywa, na utumishi ule ulikuwa mmoja, hata kama uraia ulibadilika baadaye. Kamati haina polisi wa kulazimisha, na miaka ikapita. Tarehe 30 Novemba 2001 baraza kuu la mahakama za utawala la Ufaransa likakubali, katika kesi ya askari mwingine wa Senegali, Amadou Diop, kwamba tofauti hiyo ni ubaguzi. Kuanzia Januari 2007 malipo ya wapiganaji na pensheni za ulemavu yakasawazishwa. Tarehe 28 Mei 2010 Baraza la Katiba likazifuta sheria zilizobaki, na usawa kamili ukaanza mwaka 2011.

Tangu 1959 hadi 2011 ni zaidi ya miaka 50. Wengi waliodai walikuwa wamekwisha kufa. Hatuwezi kusema haki ilifika kwa wakati. Lakini ilifika kwa karatasi, mashahidi na uvumilivu.

Mwenye madai akifa

Jambo hilo linatuleta kwa wajane. Huko Marekani, askari akifa wakati madai au rufaa yake haijamalizika, mjane au mtoto anayestahili anaweza kuomba kuingia mahali pake na kuiendeleza pale ilipofikia. Anatakiwa kuomba ndani ya mwaka mmoja. Kama kifo chenyewe kimetokana na jeraha au ugonjwa wa jeshini, mjane ana haki ya malipo yake mwenyewe, ya kila mwezi. Mwanamke anayejua mume wake alidai nini, lini na wapi, hana haja ya kuanza upya na watoto mgongoni.

Sisi tuchukue nini?

Hatuna uwezo wa kuandika sheria za nchi katika gazeti hili. Lakini viongozi wa kambi, wa mitaa na wa kimila hutoa maamuzi kila siku: nani aingie katika orodha ya msaada, nani apewe kiwanja, nani ahesabiwe kuwa mlemavu. Kila orodha ina waliokataliwa, na tumekwisha kuona ugomvi ukianza kwa sababu ya jina moja lililoachwa. Kwa hiyo tunapendekeza mambo haya:

- Anayekataliwa aelezwe sababu, na ikiwezekana kwa maandishi. "Jina lako halikutoka" si sababu.
- Awepo mtu wa pili wa kumsikiliza, asiyekuwa yule aliyemkataa. Watu watatu wanaoaminiwa, mwanamke akiwa mmojawapo, wanatosha kuwa kamati ya rufaa ya kambi.
- Muda wa kulalamika utangazwe mapema, na asiyeweza kutembea au mwenye akili iliyovurugika aongezewe.
- Aliyepoteza karatasi apewe nafasi ya kuleta mashahidi.
- Asitozwe mtu pesa ili asikilizwe.

Familia nazo zina kazi ya kufanya wakati huu, kabla ya wazee hawajaondoka. Kaeni na yule mwenye gongo. Andikeni katika daftari: alikuwa kikosi gani, aliumia mwaka gani, mahali gani, nani alikuwa naye, hospitali gani ilimpokea. Mashahidi watie sahihi au alama ya kidole, na tarehe iandikwe. Tengenezeni nakala mbili, moja ikae nyumbani na nyingine kwa ndugu anayeishi mbali. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Haki nayo ni hivyo hivyo.

Daftari hilo huenda lisilete pesa mwaka huu wala mwaka ujao. Lakini siku serikali au shirika litakapofungua mlango na kuuliza, "Nani aliumia, na ushahidi uko wapi?", familia iliyoandika itakuwa na la kujibu. Na kijana wa nyumba hiyo, akimwona baba yake anaendelea kudai kwa kalamu, atajua kwamba iko njia nyingine mbali na bunduki.